Vigari vya gofu Lushoto? Mimi nasema tushuke tutembee

Huku juu baridi ndiyo kama mnavyoijua, sweta juu ya sweta, na testi ziko mlangoni. Lakini leo siandiki habari za testi. Kuna mada imetawala hosteli yetu wiki nzima, kila mtu ana lake la kusema, basi na mimi naweka langu hapa. Mtanisamehe kama litakuwa refu.

Mada yenyewe ni vigari vya gofu. Si mnavijua? Vile vidogo visivyo na milango, vina paa juu tu, vingi vinatumia betri, wazungu wanavipanda kufuata mipira yao kwenye nyasi. Wazo la washkaji ni hili: apatikane mtu mwenye mtaji, avipange pale mjini jirani na stendi, mgeni aache kitambulisho, alipe kwa saa, apewe ufunguo, aondoke mwenyewe kuuona mji na milima yake. Hakuna dereva, hakuna mtembeza wageni, hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Sisi wanafunzi bumu likitoka tunachanga watu wanne, tunakula raha Jumamosi nzima. Wengine walishaanza kupiga mahesabu ya biashara kabisa.

Mimi napinga. Lakini kabla sijapinga niseme ukweli, wanaolitetea wazo hili si watu wa kuchekwa. Vigari hivi vipo kwenye miji mingine na vinafanya kazi. Kule California, Marekani, kuna kisiwa kinaitwa Catalina, na mji wake ni Avalon. Idadi ya magari ya kawaida imewekewa mipaka kisheria, mkazi anaweza kukaa miaka mingi kwenye orodha akisubiri ruhusa ya kuwa na gari. Kwa hiyo watu wanatembelea vigari vya gofu, na mgeni akishuka kwenye boti anakodi chake kwa saa na kuzunguka. Pale San Pedro, Belize, ni hivyo hivyo, na Isla Mujeres ya Mexico pia. Halafu kuna mji wa Peachtree City, jimbo la Georgia, wenyewe wana njia maalumu za vigari hivyo zinazofikia kama kilomita 160, na wanafunzi wa sekondari wanaviendesha kwenda shule. Sio utani, mtoto wa sekondari anaegesha kigari chake nje ya darasa!

Na faida zake nazikubali. Kigari cha gofu kinakwenda taratibu, vya kawaida ni kama kilomita 20 hadi 25 kwa saa. Kiko wazi, unapata upepo na harufu za mahali. Unasimama unapotaka. Hakipigi kelele. Ukilinganisha na mgeni aliyefungiwa kwenye Land Cruiser yenye vioo vyeusi, anayepita Soni bila hata kuona maporomoko yako upande gani, kigari cha gofu ni nafuu mara kumi. Hapo mimi na washkaji tuko pamoja.

Tunapoachana ni hapa: vitu hivyo vyote vizuri, yaani utaratibu, uwazi na uhuru wa kusimama, havitoki kwenye kigari. Avalon walianza kwa kuyazuia magari, ndipo vigari vikapata nafasi. Na hata huko, mgeni aliyekodi haruhusiwi kutoka nacho nje ya mji na kwenda nacho porini milimani, mwisho wake ni mjini. Peachtree City walianza kwa kujenga njia za pembeni, mbali na malori. Barabara ilitangulia, kigari kikafuata. Sisi tunataka kuleta kigari kwanza, halafu barabara tumwachie Mungu.

Hebu tuiangalie barabara yenyewe. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, na katika hizo unapanda karibu mita 1,000. Mji wetu uko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda kosta kutoka Mombo anajua: mlima huku, korongo kule, kona juu ya kona, na ukikutana na fuso la kabichi linashuka, abiria wote wanakuwa wacha Mungu ghafla. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, lakini haikupanda huku juu. Wajerumani, ambao walikuwa wameupa mji huu jina la Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, walibaki na kazi ya kukata barabara kwenye ubavu wa mlima. Ukipita leo unaelewa kwa nini treni iliishia chini.

Sasa mlete mgeni ambaye jana alikuwa Dar, hajui kona ya mbele ikoje, mpe kigari chenye matairi madogo kilichotengenezwa kwa ajili ya nyasi. Vingi vya aina hiyo vina breki za matairi ya nyuma tu. Kupanda kunamaliza betri, na ikiisha Magamba huko hakuna pa kuichaji njiani. Kushuka ndiyo balaa zaidi, maana uzito wote unakusukuma na kitu chenyewe ni chepesi kupinduka kwenye kona. Bado sijasema masika. Machi mpaka Mei udongo wetu mwekundu unakuwa sabuni, kuna siku mlima wenyewe unashuka barabarani na njia inafungwa. Hata bodaboda waliozaliwa hapa siku hizo wanashuka na kusukuma.

Mtu atasema, basi viishie mjini tu, kama Avalon. Sawa, lakini mji wenyewe ukubwa gani jamani? Kutoka stendi mpaka sokoni utawasha kigari cha nini? Ukimaliza kufunga mkanda umeshafika.

Lakini tuseme barabara zote zimerekebishwa na vigari vina breki za ajabu. Bado nitapinga, na hii ndiyo hoja yangu kubwa, naomba muitafakari: huku milimani, dereva ndiye anayeona kidogo kuliko watu wote waliomo kwenye gari. Muangalieni dereva wa kosta. Amepita pale pazuri mara elfu, macho yake yako kwenye shimo, kwenye kona, kwenye kioo, kwenye mtoto anayevuka na mzigo wa kuni. Abiria wa dirishani ndiye anayeona mashamba yamepangwa kama ngazi, nyumba za udongo zimekaa kwenye mgongo wa mlima, ukungu unapanda kutoka bondeni. Kwenye tambarare dereva anaweza kuiba jicho pembeni. Hapa ukiiba jicho unajikuta kwenye shamba la mtu, tena kwa kupitia juu. Kwa hiyo huyu mgeni tunayempa usukani ili "auone mji mwenyewe", tumemuuzia barabara. Milima amewaachia aliowapakia nyuma.

Chukueni ua moja tu kama mfano. Kuna ua dogo la rangi ya zambarau ambalo watu wa Ulaya na Marekani wanalipanda kwenye vikopo madirishani, nadhani mmeliona hata kwenye kalenda. Asili yake ni milima hii ya Usambara na misitu ya jirani. Mwaka 1893 wataalamu waliliandika kwa jina la Saintpaulia, kutokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa upande wa Tanga aliyepeleka mimea yake kwao. Ua hilo porini linakaa kwenye mawe yenye kivuli, karibu na maji. Hakuna aliyewahi kuliona akiwa ameshika usukani. Mbega wa Magamba pia hawasogei barabarani kukusubiri. Unawapata kwa kunyamaza chini ya mti na kutazama juu, shingo mpaka iume.

Na tukizungumzia Mbega, kuna yule mwingine, mwenye jina hilo hilo kwa Kiswahili, Mbegha kwa Kisambaa. Wazee wanasimulia kwamba alikuwa mwindaji wa nguruwe, akatoka Ngulu, akaingia milimani. Nguruwe walikuwa wanamaliza mazao ya watu. Yeye akawa anawaua, nyama anawagawia wenyeji, nao wanampa chakula cha shambani. Akatoka kijiji hadi kijiji, akajuana na watu, mwisho akaua simba na watu wa Vuga wakamfanya mtawala wao. Ndio mwanzo wa Wakilindi, ukoo uliomtoa Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkubwa aliyefariki mwaka 1862. Sisemi kila atakayekwenda kwa miguu atapewa Vuga. Nasema Shambaai ni nchi inayofunguka kwa anayesimama, akasalimia, akatoa kitu, akapokea kitu. Salamu za Kisambaa zinaanza na "onga". Jaribu kumwambia bibi aliyebeba karoti kichwani, ukiwa umesimama mbele yake, uone uso wake. Halafu jaribu kuipiga hiyo salamu ukiwa kwenye kigari kinachopita. Mpaka anageuka kukuitikia, wewe ushakunja kona.

Hoja ya tatu ni ya mfukoni, na hapa sitazunguka. Vigari vikija, mwenye navyo hatakuwa kijana wa Magamba wala wa Irente. Atakuwa mtu mwenye mtaji wa kuagiza mali nje ya nchi, na kila saa inayolipiwa inashuka Mombo kurudi kwake. Leo mgeni mmoja akitaka kwenda Irente, kuna kijana anampeleka, kuna boda anayempandisha, kuna mama anauza plamu njiani. Pesa ndogo ndogo, lakini zinalala hapa hapa. Mimi nasoma na watu walioletwa chuo na pesa ya viazi na ya boda. Ada haiulizi ilikuja na gari gani. Ukimpa mgeni ufunguo "ajiendeshe", maana yake umemwambia hahitaji mtu wa hapa. Kwa mji ambao hazina yake ni watu na njia za miguu, hiyo ni hasara ya waziwazi.

Na tusijidai sisi ni wa kwanza kuwa na mji unaoonekana vizuri bila gari. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, vichochoro vyake vingi havipitishi gari, na hakuna anayelalamika kwamba ameuona vibaya. Lamu, ulioingizwa mwaka uliofuata, mpaka leo mizigo ya mji wa kale inabebwa na punda. Watu wanavuka bahari kwenda kutembea Lamu. Wangeutaka usukani wangebaki kwao.

Najua yatakayoletwa dhidi yangu, ngoja niyajibu mapema.

La kwanza, "kutembea ni kwa wenye afya". Hili ni zito na silipuuzi. Tuna wenzetu wa magongo, tuna wazee, tuna mtu mwenye pumu ambaye kilima cha kwenda maktaba tu ni kazi. Wao wana haki ya kuiona Irente kama mimi. Lakini jibu lao si kuwapa usukani kwenye hizi kona. Jibu ni chombo chenye dereva anayeijua njia, bajaji au gari dogo, kwa bei ya kutwa inayojulikana, na pale kwenye mtazamo pawe na njia laini mpaka karibu na ukingo, yenye uzio. Ikitokea siku moja mtu akaleta vigari hivyo na dereva wake, vikahudumia wenzetu hawa kwenye njia fupi iliyotengenezwa, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Napinga biashara ya kujiendesha, sipingi magurudumu.

La pili, "watembeza wageni na boda wanatupiga bei". Kweli kabisa, wapo. Sura ngeni ikishuka tu stendi bei inapanda kuliko barabara ya Mombo. Dawa yake ni ubao. Halmashauri na vyama vya boda wakae, waandike bei za kwenda Irente, Magamba na Soni, ubao ubandikwe stendi kila mtu asome. Gharama yake ni rangi na bati. Na kila boda awe na kofia ngumu mbili, ya kwake na ya abiria, sio ile moja iliyoning'inizwa kwenye kioo kwa ajili ya trafiki.

La tatu, dada zetu wanasema, "mimi na mtu nisiyemjua msituni siendi". Mna haki, na wala msijieleze. Ndiyo maana nasema twende kwa makundi, na ofisi zinazotembeza wageni zifundishe mabinti wa hapa kazi hii. Mji huu una wasichana wanaoijua milima kwa sababu kuni na maji wamevibeba wao tangu wakiwa watoto. Hakuna anayezijua njia kuliko wao.

Sasa, nimepinga sana, nisije nikaonekana mtu wa kupinga tu. Kwa mwanafunzi mwenye pesa ya mihogo, hivi ndivyo mambo yanavyowezekana.

Kanuni yangu ni fupi: panda kwa boda, shuka kwa miguu. Kupanda ndiko kunakokata pumzi, kwa hiyo mlipe mtu. Kushuka ni raha, na unasimama popote.

Irente. Kutoka mjini ni kama kilomita 5 au 6, saa moja na nusu ya mguu usio na haraka. Hii hata boda huhitaji. Unapita mashamba na nyumba za watu, na kuna shamba la Irente wanakouza jibini, jamu na mkate wao. Mwisho unafika kwenye ukingo, ardhi inakatika mbele yako, karibu mita 1,000 chini kuna tambarare ya upande wa Mazinde na Mombo, magari ya barabara kuu yanaonekana kama sisimizi. Nenda asubuhi au jioni, mchana kuna mvuke.

Magamba. Panda na boda mpaka karibu na msitu. Hii ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo kuna kiingilio. Bebeni vitambulisho, Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje. Ingieni na mwongozaji, mchange watu sita au wanane, kila mmoja atatoa kidogo. Halafu rudini mjini kwa miguu.

Soni. Chukueni kosta ya kwenda Mombo, shukeni njiani Soni, muone maporomoko, mkae sokoni mle mahindi ya kuchoma. Kurudi ni kosta tena. Aliyekaa dirishani wakati wa kwenda awaachie wenzake wakati wa kurudi.

Na kwa wenye mapafu, baiskeli. Kuna wanaokodisha baiskeli za milimani hapa mjini, na hiyo nakubali mtu ajiendeshe, maana ukichoka unashuka unasukuma, na ukisukuma unasalimia.

Ombi langu kwa wakubwa wa vyuo vilivyoko huku ni dogo. Wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza mnatupeleka maktaba, zahanati, ofisi ya mikopo, sawa. Ongezeni nusu siku moja tu ya kutembea mpaka Irente na mwongozaji wa hapa. Wapo watu wanamaliza miaka mitatu Lushoto, wanaondoka na cheti na sweta, na wanachokijua ni njia ya hosteli, darasani na stendi. Mtu ametoka Sweden kuja kuona tunachokipa mgongo kila siku tukikimbilia kipindi cha saa moja! Na hao hao wenzetu kesho ndio watakuwa maofisa wa mipango, mahakimu, walimu, wanaamua habari za misitu na barabara za watu wasiowahi kuwasalimia.

Mnaotaka vigari, leteni hoja zenu, tubishane kistaarabu. Ila Jumamosi hii kama hakuna mvua, saa mbili asubuhi niko nje ya geti, safari ya Irente. Mje na maji, viatu visivyoteleza na sweta. Ufunguo wa gari hauhitajiki.

Nawasilisha.